Vitufe Vinne

Kile cha dukani nimekifungua kwa bisibisi ya saa.
Skrubu tatu; ya nne haikutiwa tangu kiwandani.
Ndani, bati la kupozea jembamba kama ganda la kitunguu
na chipu inayotokota kama sufuria ya urojo.
Rimoti yake ina vitufe arubaini na vitatu.
Nimevihesabu. Shangazi Mkasi anatumia viwili,
na kimoja kati ya hivyo hukibonyeza kwa bahati mbaya.

Basi nikasema, mimi Time binti Faki,
fundi wa pasi na feni hapa Jadida, Wete:
nitaunda changu.
Watu walicheka hadi wakashika mbavu.
Nikacheka nao, huku nachora
nyuma ya risiti za saruji.

Kwanza joto. Kile kilitungwa na watu wenye baridi.
Hapa Februari ukuta wenyewe una homa,
na chumvi hula shaba kimyakimya, kama deni.
Nikakitoboa ubavuni, nikakipa miguu
kisimame kama mbuzi ya kukunia nazi,
upepo upite chini ya tumbo.

Halafu umeme. Umeme wetu huvuka bahari
chini kwa chini kutoka Tanga; ukifika umechoka.
Ukizimika, visanduku vya watu husahau kila kitu,
vikiamka ni kama mtoto aliyeshtuliwa usingizini:
wewe nani? Wasema lugha gani? Nywila yako iko wapi?
Mimi nimetia betri ya simu iliyovunjika kioo.
Dakika sita tu. Zinatosha kuandika: *tuliishia hapa*.

Na kifurushi cha usiku ndicho rahisi,
kwa hiyo kiamke saa nane, nyumba imelala,
kishushe tamthilia haba na haba
mpaka adhana ya alfajiri ikute kibaba kimejaa.

Ukurasa wa mwanzo alinitengenezea Shaame,
mpwa wangu, anayesomea kompyuta Unguja.
Picha safu kwa safu, zinaruka, zinang'ara,
kila moja inakuvuta kanga kama muuza pweza mnadani.
Nikaona fahari. Nikamwita shangazi.
Akatazama kitambo, akavua miwani, akaifuta, akavaa.
"Na harusi ya Mize iko wapi?"

Harusi ya Mize iko kwenye flashi,
flashi iko kwenye kikebe cha hiliki.
Saa nne nzima za watu wanaokula.
Lakini kati ya saa ya pili na ya tatu
anapita Ngwali, mumewe, na sinia la biriani kichwani,
amekunja uso, anamfokea mpiga picha:
"Ondoa taa yako, waniunguza!"
Sekunde kumi na moja. Hakuna nyingine.
Hakupenda kupigwa picha; kisha akafa.
Na shangazi kila usiku huanza mwanzo,
kwa kuwa hajui kuruka,
na kila usiku usingizi humkamata
kabla biriani haijaiva.

Nilirudi kwenye meza nikafuta nusu ya kazi ya Shaame.
(Amenuna. Atanunuka. Ana miaka kumi na tisa.)
Sauti nikaiweka kwenye gurudumu, kama redio za zamani.
Vitufe vikabaki vinne: washa, mbele, nyuma.
Cha nne si kitufe hasa, ni kifungo
nilichokikata kwenye shati lililobaki kabatini,
kwa ruhusa, na kukigandisha kwa gundi ya viatu.
Ukikibonyeza, anapita.

Kasoro zipo. Mfuniko haujakaa sawa,
pesa za vingine kumi sijui zitatoka wapi,
na sauti inachelewa nusu sekunde:
mdomo wa Ngwali unafunga kwanza,
ndipo maneno yanafika.
Nimemwambia shangazi nitarekebisha kesho.
Amesema, kesho kutwa.